Ganzi, Nusukaputi na Saratani: Je, Dawa ya Kumlaza Mgonjwa Hubadili Hatima Yake?

Somo la afya la toleo hili limezaliwa na swali la mama mmoja. Ilikuwa mwezi Juni, pamba ikiwa inapelekwa kwenye maghala ya AMCOS, naye akaja kliniki akiwa na barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Barua ile ilimtaka aende Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa upasuaji wa uvimbe ulio katika titi lake la kushoto. Tarehe iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya Februari.

Alipoulizwa sababu ya kukaa nayo miezi minne alitaja mbili. Ya kwanza ni pamba: shamba lisingeweza kuachwa, na nauli ingepatikana baada ya mauzo. Ya pili ilinifanya niketi vizuri kitini. Mwanawe alikuwa amempokelea ujumbe kwa simu uliodai kwamba dawa ya usingizi inayotolewa hospitalini huiamsha saratani na kuisambaza mwilini. Yeye hakukataa kupasuliwa. Alichotaka ni kuchomwa ganzi tu, akiwa macho, na kama hilo halikuwezekana basi afadhali abaki na uvimbe wake. "Kisu nakiweza, daktari," alisema, "usingizi ndio siuwezi."

Laiti ujumbe ule ungekuwa uzushi mtupu, ingekuwa kazi rahisi kuukanusha. Lakini haukuwa uzushi mtupu. Ulikuwa kipande cha mjadala wa kweli ambao wataalamu wa ganzi na usingizi duniani wameuendesha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kikiwa kimekatwa kichwa na miguu. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kuueleza mjadala huo wote, tangu shaka ilipoanzia hadi mahali ulipofikia.

Tuanze na maneno yenyewe. Nusukaputi ni hali ya kulazwa usingizi mzito kwa dawa, ili mgonjwa asihisi wala asikumbuke. Dawa hiyo yaweza kuvutwa kwa pumzi, kama halotheni, isoflureni na sevoflureni, au yaweza kuingizwa mshipani, kama ketamini na propofoli. Ganzi ni jambo jingine: huua hisia za sehemu moja ya mwili, mgonjwa akiwa macho. Ganzi ya mgongo, ambayo akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaifahamu, hulaza mwili kuanzia kiunoni kwenda chini. Iko pia ganzi ya kuchomwa karibu na mishipa ya fahamu ya eneo fulani, kwa mfano kandokando ya uti wa mgongo ili kulaza upande mmoja wa kifua. Hospitali nyingine hutumia njia mbili kwa pamoja: mgonjwa huchomwa ganzi, kisha akalazwa usingizi mwepesi.

Sasa kwa nini mtu adhani kwamba dawa ya saa mbili yaweza kubadili hatima ya miaka mitano? Hoja ilikuwa na mantiki. Daktari anapokata uvimbe, chembe chache za saratani zaweza kuponyoka na kuingia katika damu. Mwili una askari wake wa kuzisaka, na aghalabu huzimaliza. Lakini upasuaji ni mshtuko mkubwa. Mwili hutoa homoni za hofu na maumivu, nazo huwalegeza askari wale kwa siku kadhaa, siku zilezile ambazo wangehitajika sana. Katika maabara, baadhi ya dawa za kuvuta kwa pumzi, pamoja na morfini na jamaa zake, zilionekana kuongeza ulegevu huo. Propofoli na ganzi zilionekana kuwa na upole zaidi. Ganzi ilisifiwa hasa kwa kuwa huzuia habari ya maumivu isifike ubongoni, na hivyo mgonjwa huhitaji morfini kidogo.

Mwaka 2006 madaktari wa Ireland walipekua majalada ya wanawake 129 waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Baada ya miaka mitatu, katika kila wanawake 100 waliokuwa wamechomwa ganzi ya kandokando ya uti wa mgongo, 94 hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa. Miongoni mwa waliolazwa usingizi na kutulizwa kwa morfini, walikuwa 77. Mwaka 2016 hospitali ya saratani ya Royal Marsden, London, ilipekua majalada ya wagonjwa zaidi ya 7,000. Waliolazwa kwa dawa ya kuvuta walikuwa wamefariki asilimia 24, ilhali waliolazwa kwa dawa ya mshipani walikuwa wamefariki asilimia 13.5. Ukizisoma takwimu hizi peke yake, utaelewa kwa nini mtu angekimbilia simu kuwaonya ndugu zake.

Hapa ndipo mkulima wa Simiyu anapoweza kumfundisha daktari. Tuseme bwana shamba anakuletea mbegu mpya ya pamba na kukuonyesha shamba lililostawi kwa mbegu hiyo, kando ya shamba la mbegu ya zamani lililodumaa. Swali lako la kwanza litakuwa juu ya udongo. Je, mbegu mpya haikupandwa mbugani kwenye udongo mweusi, na ile ya zamani kwenye kichanga? Nani aliipalilia? Ilipuliziwa dawa mara ngapi? Usipopata majibu, hutaisifu mbegu.

Majalada ya hospitali ndivyo yalivyo. Hakuna aliyepanga kwa usawa nani apewe dawa gani. Mgonjwa dhaifu, mwenye uvimbe mkubwa, au aliyefika kwa dharura usiku, huenda alipewa dawa ya kuvuta kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwa hali hiyo. Aliyekuwa na nguvu na uvimbe mdogo huenda alipewa ile nyingine. Baada ya miaka mitatu mmoja amefariki, mwingine yu hai, na dawa inabebeshwa lawama au sifa isiyo yake. Wataalamu wa hesabu hujaribu kurekebisha tofauti hizo, na wale wa London walifanya hivyo, pengo likapungua ingawa halikutoweka. Lakini huwezi kurekebisha kile ambacho hakikuandikwa kwenye jalada.

Njia ya kuupata ukweli ni kura. Wagonjwa wanaokubali hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu hivi na nusu vile, ili wadhaifu na wenye nguvu waangukie pande zote mbili kwa kiasi kinacholingana. Ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi, ndiyo maana majibu yalichelewa.

Yalikuja mwaka 2019. Hospitali 13 katika nchi nane, zikiwemo Ireland, Marekani, China na Argentina, ziligawa kwa kura wanawake zaidi ya 2,100 waliokuwa wakipasuliwa saratani ya titi. Kundi moja lilipata ganzi pamoja na propofoli, jingine likalazwa kwa sevoflureni na kutulizwa kwa dawa za jamii ya morfini. Waliorudiwa na saratani walikuwa asilimia 10 katika kundi la kwanza na asilimia 10 katika kundi la pili. Hapakuwa na tofauti. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa kura, uliosimamiwa na madaktari wa Sweden na kuhusisha wanawake zaidi ya 1,600, ulilinganisha propofoli na sevoflureni kwa miaka mitano. Katika kila kundi walikuwa hai takriban wanawake 92 katika kila 100. Nchini China, wazee 1,712 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua au tumbo, wengi wao kwa sababu ya saratani, waligawanywa kati ya nusukaputi peke yake na nusukaputi iliyounganishwa na ganzi ya mgongo. Uhai wao wa miaka iliyofuata haukutofautiana.

Kwa hiyo jibu alilopewa mama yule, na ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila zahanati yetu, ni kwamba kwa saratani ya titi hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kulazwa usingizi kunarudisha au kunasambaza ugonjwa kuliko kuchomwa ganzi. Kwa saratani nyingine ushahidi si mwingi kama huo, lakini uliopo unaelekea upande huohuo. Mtaalamu wa usingizi huchagua dawa kwa kutazama mahali panapokatwa, moyo na mapafu ya mgonjwa, vifaa vilivyopo na uzoefu wake mwenyewe. Akichagua kwa vigezo hivyo, amechagua sawasawa.

Kuna utafiti mmoja wa kura ambao sitaki kuupita kimya, kwani unahusu dawa ya bei nafuu ambayo karibu kila kituo cha afya kinayo. Nchini India, hospitali 11 za saratani ziligawa wanawake wapatao 1,600 wenye saratani ya titi. Wote walilazwa usingizi kama kawaida. Nusu yao, dakika 7 hadi 10 kabla ya kisu, walichomwa lignokeini, ganzi ileile inayotumika kung'olea jino, kuuzunguka uvimbe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai katika kundi lililochomwa walikuwa takriban 90 katika kila 100, na katika kundi jingine 86. Inadhaniwa kwamba ganzi ile hunyamazisha chembe za uvimbe zisichangamke wakati wa kukatwa. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni utafiti mmoja, na madaktari wengi wanangoja urudiwe kwingine kabla ya kuufanya kanuni. Nitahadharishe mapema: hii ni sindano ya daktari wa upasuaji, ndani ya chumba cha upasuaji, dakika chache kabla ya uvimbe kuondolewa. Atakayekuuzia sindano hiyo dukani au kilingeni ili "kuilaza kansa" anakuibia fedha na muda.

Na muda ndio jambo lenyewe. Mwaka 2020 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha majumuisho ya tafiti zilizohusu wagonjwa zaidi ya milioni moja wa saratani za aina saba. Kila wiki nne za kuchelewa upasuaji ziliambatana na ongezeko la hatari ya kufa la takriban asilimia 6 hadi 8. Msomaji makini atasema kwamba tafiti hizi nazo ni za majalada, si za kura, na atakuwa na haki. Lakini hakuna mwenye moyo wa kuwacheleweshea wagonjwa upasuaji kwa bahati nasibu ili apate takwimu safi, na kila daktari aliyewahi kuona uvimbe wa ukubwa wa kunde ukirudi miezi sita baadaye ukiwa kidonda hahitaji kushawishiwa zaidi. Tangu Februari hadi Juni ni wiki kumi na sita na ushei. Mama yule alikuwa akiikimbia hatari isiyothibitika kwa kuikumbatia ile inayojulikana.

Jambo la pili lenye uzito kuliko jina la dawa ni uangalizi. Mwaka 2016 hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika zilifuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa ndani ya juma moja. Karibu mmoja katika kila watano alipata tatizo baada ya upasuaji, mara nyingi maambukizi. Vifo vilikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora zaidi kuliko wale wa kwingineko. La kuzingatia zaidi ni hili: takriban vifo 94 katika kila 100 vilitokea baada ya siku ya kisu kupita. Mtu amelazwa usingizi salama, ameamka salama, halafu usiku wa pili anapumua kwa shida na hakuna aliyemtazama mapema.

Hili lina dawa, na sehemu ya ushahidi wake imetoka hapahapa nchini. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa usalama katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Seattle, nyingine London, nyingine New Delhi, na moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutolewa, timu nzima husimama na kuulizana kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio gani, kipima oksijeni kidoleni kinafanya kazi, antibayotiki imetolewa, vitambaa vimehesabiwa? Katika hospitali zote nane kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja. Kwa hiyo mhudumu anapokuuliza jina lako kwa mara ya nne siku hiyo, usidhani amesahau.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na hapa ndipo ningependa wasomaji wakae kidogo.

Mtaalamu wa usingizi atakuja kukuona kabla ya upasuaji. Mweleze yote. Kama uliwahi kulazwa usingizi ukapata shida, au ndugu yako wa damu alipata, sema. Kama una jino linalolegea, sema, kwa sababu bomba la hewa hupitia mdomoni. Taja dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama unazitumia, hakuna atakayekusema. Taja pia mizizi na majani. Najua wengi wetu huanzia kwa mganga kabla ya kufika hospitali, na wakifika huficha. Baadhi ya dawa za asili huzuia damu isigande, nyingine hushusha shinikizo la damu au kuuchosha moyo, na chini ya nusukaputi mambo hayo huonekana ghafla. Mtaalamu hatakukemea. Pengine atakusogezea siku mbele kidogo, na hilo ni kwa faida yako.

Sigara na ugoro viache mapema iwezekanavyo, wiki kadhaa kabla kama nafasi ipo. Mgonjwa aliyekonda apewe chakula chenye nguvu: maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Kidonda hakifungi kwa dawa tupu.

Kuhusu kufunga kula kuna kutoelewana kwingi. Kanuni ya kawaida kwa mtu mzima ni kuacha chakula kigumu saa sita kabla ya usingizi, na kuacha maji saa mbili kabla, isipokuwa hospitali imekupa maagizo tofauti. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula, hata kama ni kikombe kimoja. Chai ya rangi isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji. Bibi anayemnywesha mgonjwa uji alfajiri kwa kumhurumia hajui kwamba uji ule waweza kupanda kooni wakati wa usingizi na kuingia mapafuni. Na kinyume chake, mgonjwa asikaushwe koo tangu jana mchana kwa hofu tu.

Wanaoogopa sindano ya mgongo nao nisiwasahau. Yaweza kuleta maumivu ya kichwa kwa siku chache, nayo hutibika. Kupooza ni jambo la nadra mno. Maumivu ya mgongo ya miaka kumi ambayo wengi huyahusisha na sindano ile aghalabu yana asili nyingine, kubwa kati yake ikiwa mimba zenyewe na jembe.

Kwa mkoa wetu saratani zinazoita kisu si ya titi peke yake. Ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ikiwapata zaidi ya 10,000 kwa mwaka kwa makadirio ya kimataifa. Ikikutwa changa kwa kipimo cha siki, aghalabu hutibiwa papo hapo bila nusukaputi kabisa. Chanjo yake hutolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Halafu ipo ya kibofu cha mkojo, ambayo Kanda ya Ziwa huambatana na kichocho cha muda mrefu. Mkojo wenye damu kwa mtu mzima si jambo la kusubiri kuvuna.

Njia ya huduma ni hii. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata. Panapohitajika upasuaji mkubwa wa saratani au mionzi, rufaa huelekea Bugando, kwa barabara ya Lamadi na Magu, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Asiyeweza kumudu gharama amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuamua kubaki nyumbani; kazi yake ni pamoja na kupima nani astahili msamaha.

Mama yule aliondoka kliniki na nakala ya barua yenye tarehe mpya na nafasi ya kumwona mtaalamu wa usingizi kabla ya siku ya upasuaji, akamuulize mwenyewe. Alimuuliza. Alilazwa usingizi, na titi likaondolewa. Wiki kadhaa baadaye tulilazimika kumtafuta tena, safari hii kwa sababu nyingine: nyama iliyokatwa ilipelekwa maabara, majibu yakatoka, na hakuna wa familia aliyekwenda kuyachukua, kwa kuwa walidhani kisu kimemaliza kazi. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kama dawa za mshipani, vidonge au mionzi vinahitajika. Kabla ya kutoka wodini, uliza yatatoka siku gani, dirisha lipi, na uiache namba ya simu inayopokelewa.